Gari Tupu Chini ya Dirisha la Bibi

Benchi hili ni langu. Nasema mapema tusije tukagombana mbele. Nililigongomea mwenyewe kwa mbao za kitanda kilichonishinda kukarabati, nikaliegemeza ukutani hapa kwenye kona, kando ya kijimeza changu cha kushonea viatu, ili mteja anayengoja kiatu apate pa kukaa na mguu wake mmoja peku. Wateja walilikalia siku mbili tatu, halafu wakaja hawa madereva wa magari ya kuitwa kwa simu, na tangu hapo mteja wangu husimama. Mimi wananiita Gundi, kwa sababu ya kazi, na kwa sababu wanadai nikimnasa mtu kwa maneno habanduki. Waongo. Wao ndio hawabanduki. Alasiri jua likishalegea, kivuli cha jengo hutuvukia polepole kutoka magotini hadi usoni, Shangazi wa kahawa, anayeishi hapo juu, anateremka na birika lake, na kiusingizi fulani kitamu kinatuingia sote, macho wazi nusu. Hapo ndipo maneno huanza kutoka yenyewe, hata yale ambayo hakuna aliyeyafikiria.

Juu ya benchi, ghorofa ya kwanza, kuna dirisha la mbao za kijani. Hilo ni la Bibi, mama yake Shangazi. Bibi hashuki ngazi siku hizi, magoti yamegoma, lakini mwenyekiti wa kijiwe ni yeye. Alikuwa anaweka viwiko dirishani, anausikiliza upuuzi wetu mpaka auchoke, kisha anateremsha kikapu kwa kamba, ndani kikombe kitupu. Shangazi anakijaza kahawa chungu, kikapu kinapanda. Ukimtilia Bibi sukari umemtukana. Akishapiga funda la kwanza ndipo anatoa hukumu: fulani kasema kweli, fulani arudi shule. Hakuna aliyewahi kukata rufaa.

Basi dirisha hilo lilikuwa limefungwa karibu mwezi mzima, na kikapu hatujakiona. Sisi tulijua amenuna.

Na lazima nieleze habari ya zamu, maana bila hiyo hutatuelewa. Ile programu ya kwenye simu inayowagawia abiria, madereva hawa wanaiita Bosi. Na wana imani moja kuhusu Bosi, wameishika kwa mikono miwili: Bosi hapendi gari lililosimama. Gari likilala, Bosi analisahau; likitembea, analikumbuka na kulipatia abiria. Kwa hiyo zamani walikuwa wakizunguka wote wanne mji mzima, watupu, wakifuatana kama msafara wa harusi uliompoteza bibi harusi. Wakachoka. Wakanijia na wazo lao, nami kwa kupenda kazi yangu nikawashonea kipande cha ngozi chenye mifuko minne, kinatundikwa mbele ya dereva, kila simu na mfuko wake. Sasa mmoja anazunguka na simu za wenzake, hapa hapa jirani ili honi yake isikike. Machoni pa Bosi magari manne yako barabarani. Kumbe matatu yamelala ukutani na wenyewe wanakunywa kahawa. Simu ya mtu ikiita, mwenye zamu anapiga honi, kila mtu na honi yake, naye anaruka, anainyakua simu dirishani, anaondoka.

Jana zamu ilikuwa ya Kimya. Huyo jina lake linatosha kumweleza. Gari lake ni kuukuu, na kona yetu ina kijimwinuko, kwa hiyo kila likifika hapa linajikaza, linanguruma, linatoa wingu, linapita. Baada ya kitambo linarudi. Ukilizoea halikusumbui tena. Linakubembeleza.

Shangazi alichelewa. Alipotokea mlangoni na birika, macho yalikuwa mekundu.

– Leo ni birika hili moja tu, – alisema. – Likiisha limeisha. Juu tunafunga mizigo.

– Mizigo ya nani tena? – aliuliza Breki. Breki ndiye mkubwa wao, aliendesha mabasi maisha yake yote, na hata akikaa benchini mguu wake wa kulia hukanyagakanyaga chini.

– Ya Mama. Kaka anakuja kesho asubuhi kumchukua.

– Kumpeleka wapi?

– Kwake. Nje ya mji. Kifua kimembana, Breki. Hapumui, anavuta tu. Muuguzi yuko juu sasa hivi anampima. Kaka anasema hapa mjini hakuna hewa, kwake ipo ya kumwaga.

– Na Bibi mwenyewe anasemaje?

Shangazi alimimina kahawa kwanza.

– Anasema chumba kile ndimo alimoolewa, ndimo alimonizaa mimi, ndimo mzee alimofia. Huko kwa kaka hamjui hata jirani mmoja. Tangu jana amegeukia ukutani, hazungumzi. Aliniambia neno moja tu: mkinitoa hapa, sitarudi. Na mimi najua anasema kweli.

Kahawa ikawa inatoa mvuke peke yake. Mimi nilikuwa nimeshika kiatu cha mtu, sindano iko katikati ya soli, nikasahau kuivuta.

– Lo! – Breki alisema. – Na mimi nilidhani amenuna! Nilimwambia siku ile kabla hajafunga kwamba mambo ya magari hayajui. Nimekaa na msamaha wangu mdomoni mwezi mzima nangoja afungue dirisha nimpe.

– Sote tulijua ni wewe, – nikamwambia. – Tulikuwa tunakusema ukiondoka.

Gari la Kimya likatokea kwenye kona, likajikaza, likapunguza mwendo mbele yetu. Kimya akatoa kichwa. Kila akipita anauliza swali lile lile, asipitwe na mazungumzo:

– Mmefika wapi?

– Bibi anahamishwa! – Ramani, mwingine wa hao madereva, alimpigia kelele. – Hewa imeisha!

– Ala! – alisema Kimya, na gari likapita, likatuachia wingu lake.

Shangazi alimtilia Kimya kikombe chake, vijiko vitatu vya sukari kama apendavyo, akakiweka mezani kwangu nami nikakifunika kwa kipande cha soli. Zamu yake ikiisha atakikuta.

– Sasa hewa imekwenda wapi? – aliuliza Shangazi. – Si ilikuwepo? Mama amekaa dirishani pale tangu mimi mtoto. Nyie mnazunguka mji mzima, niambieni.

Hilo lilikuwa kosa. Usiwaulize watu hawa kitu wakiwa na kahawa mkononi.

Wa kwanza alikuwa Semina. Semina aliitwa siku moja na kampuni kwenye semina ya madereva, na siku hiyo haijamwisha mwilini.

– Hewa iliahidiwa, – alisema, macho yakienda mbali. – Mimi nilikuwepo. Tulikaa kwenye viti vyekundu, vinanesa. Mwalimu akazima taa, akatuonyesha picha ukutani. Barabara kama hii hii, jamani, lakini haina magari. Akasema: gari moja litachukua watu wanne wasiojuana, wanaoelekea upande mmoja, na magari yao manne yatabaki nyumbani mpaka wayachoke. Maegesho yatakosa kazi, watu watapanda miti humo. Kwenye picha ile kulikuwa na mtoto amelala chali katikati ya lami, anatazama mawingu. Majani yameota pembeni. Utulivu, mpaka unasikia nyuki. Nilitoka pale machozi yananilenga, nikaenda kutafuta gari siku hiyo hiyo.

– Yaani, – nikamwambia, – ulitaka magari yapungue barabarani, ukaongeza moja.

Semina alitazama kikombe chake.

– Sikuliangalia hivyo, – alisema.

– Na hao wanne wasiojuana?

– Hawataki kujuana, Gundi! Kile kitufe cha kushiriki safari hakuna anayekigusa. Juzi juzi nilipata wawili, nikafurahi, nikajua leo picha inatimia. Kila mmoja akabana mlango wake, katikati wameacha nafasi ya mtu mzima. Hakuna salamu. Na wakashuka mahali pamoja, Gundi. Wanaishi jengo moja!

– Kushiriki, kushiriki, – Breki alidakia, mguu ukikanyaga. – Mnalisema kama mmelizaa nyinyi. Mimi injini yangu moja ilibeba watu sitini, na walisalimiana mpaka nikakosa kusikia kengele. Nyie mkaja mkanimalizia abiria mmoja mmoja.

– Nawe si unaendesha hii hii?

– Niliwafuata! Niliwaona wanapungua nyuma yangu kwenye kioo, leo huyu, kesho yule, nikasema haiwezekani, ngoja niwafuate niwajue wamekwenda wapi. Sasa ninawapata, lakini mmoja mmoja. Nampakia mtu, namtazama kwenye kioo, namkumbuka: wewe ulikuwa kiti cha nyuma, dirishani, ulikuwa unapenda kusinzia. Wengine hata basi hawakupanda, walitembea. Yule mwalimu wa kike mwenye mwavuli, alikuwa anatembea hadi shuleni, mwendo wa kumaliza chungwa moja. Siku hizi ananiita.

Kimya akatokea tena.

– Mmefika wapi?

– Chungwa! – alisema Ramani.

– Sawa, – alisema Kimya, akapita.

Ramani ni kijana wao, na mji huu ameujua kupitia simu. Ukimwuliza duka la mkate liko wapi, anazungusha vidole hewani. Alikuwa amejilaza, kisogo ukutani, macho amefumba.

– Mimi nimeangalia vizuri, – alisema. – Kwenye ramani hakuna moshi. Kabisa. Mitaa myeupe, bustani za kijani, na mto wetu ule wa maji ya matope, mle ndani ni wa buluu. Bibi asiende kwa kaka. Ahamie kwenye ramani.

– Ataingiaje, wewe? – aliuliza Shangazi.

– Mimi nimeshaingia, Shangazi. Niliota. Nilikuwa kale kamshale kanakotembea. Sina miguu, sina uzito, sisikii harufu ya kitu. Natiririka tu. Nikageuka kushoto, nikageuka kulia, raha mustarehe. Nikafika nyumbani kwa mama yangu. Nikaiona ile nyumba kutoka juu, paa tu, mraba wa kijivu. Nikaizunguka nyumba. Nikaizunguka tena. Shangazi, haikuwa na mlango.

– Ukafanyaje?

– Nikaamka nalia.

Hakuna aliyemcheka. Kivuli kilikuwa kimetufika kifuani. Ng'ambo ya barabara fundi cherehani alikuwa anakanyaga, tunaona mguu wake ukienda lakini sauti hatuipati, imemezwa na mngurumo wa gari lililo nyuma ya jengo. Nikajiona nami nasinzia. Nikavuta uzi, nikatoboa tundu jingine.

– Nawaambia siri, – Breki alisema, ameishusha sauti. – Moshi haupotei. Nimeendesha miaka mingi, nimeutazama kwenye kioo cha pembeni. Moshi ni safari. Kila moshi na safari yake. Safari ikiwa na mtu ndani, moshi wake una mwenyewe; unamfuata, unamkalia kwenye shati, anaingia nao kwake, anaufua Jumamosi. Lakini safari tupu, isiyo na mtu? Moshi wake hauna kwao. Unatangatanga. Unagonga hapa, unagonga pale. Ukikuta dirisha liko wazi, unaingia, unajilaza.

Naapa mvuke wa kahawa nao ulisimama kumsikiliza.

Gari likatokea.

– Mmefika wapi?

– Moshi yatima! – tulimjibu kwa pamoja.

– Haya, – alisema Kimya, akakaza mwendo kupanda mwinuko, na wingu jeusi likainuka taratibu, likapita mbele ya uso wangu, likapanda ukutani. Hakuna aliyelitazama. Tulikuwa tunamtazama Breki.

– Basi dawa ni moja, – alisema Semina. – Zamu. Kama simu zinaweza kwa zamu, kupumua nako kuwe kwa zamu. Asubuhi upande huu wa barabara unavuta, upande ule unatoa. Mchana wanabadilishana. Hewa itatosha.

– Na mtu akipiga chafya nje ya zamu?

– Anaonywa.

– Nyote mmekosea, – alisema Ramani, bado amefumba macho. – Kosa letu ni kwamba mji umesimama na sisi ndio tunazunguka. Igeuzeni. Magari yasimame, mji ndio uzunguke. Polepole, kama sinia. Wewe unakaa hapa hapa benchini na kahawa yako. Soko linakuja, unanunua, linapita. Hospitali inakuja, unaingia. Anayekwenda kazini anangoja kazi ipite, anaruka. Nani ataita gari? Hakuna moshi hata wa njiti.

Huo, nakiri, niliuona. Sijui nilikuwa macho au nimelala. Niliuona mji ukianza kusogea bila kelele, majengo yakitupita na nguo zao kwenye kamba, shule yenye watoto madirishani, mto ukiwa wa buluu, mwalimu wa mwavuli akila chungwa lake. Na dirisha la kijani likaja likitupita, liko wazi, Bibi ameweka viwiko. Nikanyoosha mkono kumpa kikombe. Likawa linakwenda, linakwenda.

– Samahani, kina baba. Gari la kwenda zahanati ya chini ni lipi hapa?

Nikashtuka. Muuguzi alikuwa ameshuka, amesimama mlangoni na mkoba wake begani, mwanamke mfupi mwenye viatu vizuri vya kamba, soli imekwenda upande wa nje. Viatu ndio niliviona kwanza.

– Mama anaendeleaje? – Shangazi alimwahi.

– Sitakuficha, dada. Kifua chake kinataka hewa na chumba hakina. Nimemwambia afungue dirisha, akaniambia alikuwa analifungua, lakini kinachoingia ni kibaya kuliko kilichomo. Nikalifungua mwenyewe kidogo. Akakohoa mpaka nikalifunga. Kwa hali hii kaka yako yuko sawa. Angalau juma moja apate hewa safi, tuone.

Shangazi akajikalia kwenye ncha ya benchi. Muuguzi akatoa simu yake, akabonyeza, akangoja. Nyuma ya jengo tukasikia honi mbili.

– Hiyo ni yangu! – Ramani akaruka juu, amefumbua macho kwa mara ya kwanza tangu nilipomtaja.

– Hapa nimeonyeshwa dereva, – alisema muuguzi. Akaitazama simu, akamtazama Ramani, akaitazama tena simu. – Picha ni yako.

– Ndiye mimi.

– Simu inasema uko nyuma ya jengo, unakuja.

– Ndiyo. Niko nyuma ya jengo.

– Si umesimama hapa mbele yangu?

– Hapa nipo pia, – Ramani alisema, na jasho likaanza kumtoka.

Ikabidi tumweleze. Semina ndiye aliyeeleza, kwa fahari, habari za Bosi na gari lililolala, mifuko minne, zamu na honi, na jinsi mpango wenyewe ulivyo rafiki wa mazingira, maana gari moja linaunguza kwa niaba ya manne. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho kama anavyosikiliza wagonjwa, bila kumkatiza.

– Na huyo mwenye zamu anazunguka mpaka lini?

– Asubuhi mpaka jioni. Tunabadilishana.

– Hapa hapa?

– Mtaa huu huu.

– Bila mtu ndani?

– Bila mtu.

– Sasa naomba kuuliza, – alisema muuguzi, wala hakupandisha sauti. – Nani aliwaambia kwamba gari likisimama linasahaulika?

– Ah, hilo linajulikana, – alisema Semina.

– Wewe alikuambia nani?

– Mimi? Aliniambia Ramani.

– Na wewe Ramani?

– Breki. Tena aliniapia.

Wakamgeukia Breki. Mguu wake ukaacha kukanyaga.

– Mimi niliambiwa na Kimya. Kimya hasemi hovyo. Mtu kama yule akikuambia jambo, unalichukua.

Na gari likatokea kwenye kona, likajikaza, likapunguza mwendo. Kimya akatoa kichwa, kipande changu cha ngozi kinaning'inia mbele yake, simu nne zimekaa mifukoni kama abiria.

– Mmefika wapi?

– Kimya, – Breki alimwuliza, – ile habari ya Bosi na gari lililolala, uliipata kwa nani?

Kimya akalisimamisha gari, akafikiri. Injini inanguruma. Wingu linapanda ukutani.

– Kwa Semina, – alisema. – Kwani vipi?

Tukamtazama Semina. Ukamwona anarudi nyuma kichwani mwake, anapita viti vyekundu, anapita picha ukutani, anatafuta mahali alipoambiwa, hapaoni. Ramani akatazama chini.

Shangazi ndiye aliyeinuka. Alikuwa analifuata lile wingu kwa macho, kutoka mkiani mwa gari, juu ya bega langu, juu ya ukuta, mpaka kwenye mbao za kijani, lilipojilaza. Mbao zenyewe hazikuwa za kijani tena, nami nakaa chini yake kila siku. Zilikuwa nyeusi kwa chini kama sufuria.

– Gundi, – aliniambia polepole. – Ile ngozi uliwashonea lini?

Nilijua anachouliza. Nikajibu hivyo hivyo:

– Juma lile Bibi alilofunga dirisha, Shangazi.

Nilimtegemea apige kelele. Angetutukana ningefurahi. Badala yake alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akaingiza mkono dirishani mbele ya tumbo la Kimya, akazima, akachomoa ufunguo, akautia kwenye mfuko wa aproni yake.

– Kama Bosi atawasahau, – alisema, – basi awasahau. Mama yangu hasahauliki kwa ajili ya simu.

Gari likatikisika mara ya mwisho, likanyamaza.

Sijui nielezeje kimya kile. Kwanza nilihisi masikio yangu yameharibika. Halafu vitu vikaanza kuingia kimoja kimoja: cherehani ya ng'ambo, kumbe inalia, maji yanadondoka kutoka bomba la ukutani, njiwa wanakwaruza paa, mtoto mahali fulani anakariri hesabu na kukosea. Wingu la mwisho likakonda, likaachana, likaondoka. Breki alivua kofia. Semina alikuwa ameinua kidole, midomo wazi.

– Sikilizeni, – alinong'ona. – Kama kwenye picha.

– Hakuna nyuki, – nilimwambia, lakini kwa upole.

Simu moja ikaita kwenye mfuko wa ngozi. Tuliruka. Ilikuwa ya Semina. Ana abiria, mtaa wa pili.

– Limesimama, – alisema Ramani, akilitazama gari kama ndiyo anaona gari kwa mara ya kwanza.

– Limesimama na limekumbukwa, – alisema muuguzi.

– Bahati tu hiyo, – Breki aliguna, lakini hakumwangalia mtu usoni.

Semina akaichukua simu yake, asiiweke sikioni wala mfukoni. Muuguzi akafuta safari yake kwa kidole, akakaza mkanda wa mkoba.

– Zamani nilikuwa natembea mimi, – alisema. – Niliacha kwa sababu ya moshi.

Alikuwa bado hajapiga hatua tuliposikia komeo juu. Lilikwama. Likagongwa kwa kiganja, likakwama tena. Shangazi akataka kukimbilia ngazi, muuguzi akamshika mkono: mwache. Ubao mmoja ukasukumwa, vumbi jeusi likatudondokea kichwani, na hakuna aliyejifuta. Hatukuona mtu. Tuliona kamba. Halafu kikapu, kinashuka kidogo kidogo, kinagonga ukuta, kinajizungusha, mpaka kikatulia mbele ya pua yangu. Ndani kikombe kitupu.

Shangazi alinyakua birika, akaliinamisha. Likatoa matone mawili na machicha. Akalitikisa. Nimemjua mama huyu miaka mingi, sijawahi kumwona amevunjika hivyo kwa ajili ya kahawa.

Kimya akafungua mlango wa gari lake. Alisimama kwa shida, maana amekaa tangu asubuhi, miguu imelala. Akaja mezani kwangu, akafunua kile kipande cha soli, akachukua kikombe chake ambacho hakuwa amekigusa, akakimimina chote kwenye kikombe cha Bibi, taratibu, asimwage hata tone. Akavuta kamba mara mbili. Kikapu kikapanda.

Tukabaki tunatazama juu, watu wazima saba, shingo zinauma. Shangazi alikuwa ameitoa simu yake.

– Nitamwambia kaka asije kwanza, – alisema, sijui alikuwa anamwambia nani. – Juma moja. Nitamwomba juma moja tu.

Juu tulisikia funda. Tukasikia kukohoa, kukavu, kwa muda. Kisha pumzi ndefu. Kisha sauti, imekwaruzika, imepungua, lakini ni ile ile ya mwenyekiti:

– Nani katia sukari humu?

Kimya alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanacheza, na Shangazi alikuwa amejifunika uso wote kwa aproni.